Tope la Jumamosi

Ilianza Jumanne ya kwanza ya mwezi wa pili, saa nane na dakika ishirini mchana, kipindi cha historia, kidato cha tatu. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Wakati ule nilikuwa naandika kila kitu, saa, jua au wingu, tulichokula, nani kasema nini na nani kamjibu vipi, kwa sababu kusema nilikuwa siwezi. Mwalimu akinitaja jina darasani koo linaziba, masikio yanapata moto, nasimama pale kama nguzo mpaka aniambie nikae. Daftari lenyewe ninalo hapa mezani, la kijani, pembe zimelika. Kwa miaka mitatu sikulifungua. Nimelifungua sasa, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu wiki iliyopita Mama Zena, aliyekuwa jirani yetu Iguguno, amezikwa kule Mkiwa alikohamia baadaye, na mimi nilikuwepo.

Nilifika saa nne asubuhi. Nje wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki vya kuazima na hata safu mbili hawakuzijaza. Ndani tulikuwa wanawake saba kwenye mkeka. Nyuma ya nyumba palikuwa na sufuria moja tu ya wali, na aliyekuwa anachochea kuni chini yake alikuwa Zena mwenyewe, binti wa marehemu, macho mekundu, sijui ni moshi au ni kilio. Kwetu mtoto wa marehemu hashiki mwiko siku ya msiba. Yeye anakaa, analia, na wenzake na mama yake ndio wanaopika. Lakini wenzake na mama yake walikuwa Iguguno, hakuna hata mmoja aliyekuja, na sababu ya kutokuja kwao iliandikwa kwa mwandiko wangu. Zena alinipakulia akaniletea sahani kwa mikono miwili. "Dada, pole na safari," akasema. "Mama alikuwa anakutaja sana. Alisema watoto wote wa Iguguno hakuna mwenye adabu kama wewe." Nikasema asante. Nikala wali wote.

Sasa nirudi kwenye ile Jumanne. Mwalimu wetu wa historia, tulimwita Madamu tu, alikuwa bado kijana, anavaa raba nyeupe ambazo vumbi la Iguguno lilishindwa kuzichafua. Tulikuwa tumefika mada ya mapinduzi ya viwanda Uingereza, na darasa zima lilikuwa limelala kwa joto la bati. Akaingia na kitabu kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. "Siku ya taaluma inakuja," akasema. "Nataka insha moja. Uingereza nzima siitaki, mmeshaikariri kama kasuku. Nataka mji mmoja. Watu wake walikuwa wanafanya kazi gani, wanakula nini, nani alipata na nani alikosa. Nani anachukua?" Kuku alipita nje ya dirisha na tukamsikia anavyotembea. Madamu akazunguka kati ya madawati, akakiweka kitabu mbele yangu. "Wewe husemi," akasema, "basi utaandika." Darasa likacheka, likaamka. Nami niliona aibu, na ndani ya aibu ile palikuwa na furaha ambayo sikuitegemea, kwa sababu hakuna aliyewahi kunichagua kwa jambo lolote.

Mji uliitwa Oldham. Nilikisoma kile kitabu kwa miezi mitano, kamusi upande huu, daftari upande ule, mistari kumi kwa siku. Nikajifunza kwamba ulikuwa mji mdogo juu ya vilima, watu wake wanafuma sufu majumbani na kushona kofia. Kisha ikaja pamba. Makaa ya mawe yakapatikana humo humo chini ya miguu yao, na kabla mtu mmoja hajamaliza umri wake kilima kikaota mabomba ya moshi kama mabua shambani. Hewa yao yenye unyevu, ambayo wenyewe waliichukia, ilikuwa inaufaa uzi, haukatiki. Walitengeneza uzi, wakatengeneza hata mashine za kutengenezea uzi na kuziuza nchi za mbali. Watoto walitambaa chini ya mashine zikiwa zinakwenda, wakiokota pamba iliyodondoka. Picha moja nilikuwa nairudia kila siku: wanawake wamesimama nje ya lango la kiwanda, wamejifunika shuka kichwani, wanaangalia kamera bila kucheka. Ningewavika kanga badala ya zile shuka, ningesema ni mashineni kwetu.

Mashineni kwetu ndipo alipokuwa anafanya kazi shangazi, ambaye nilikaa naye. Ni kiwanda cha kukamua alizeti, jengo refu la bati kando ya barabara. Wakati wa msimu magunia yanapangwa nje mpaka yanaziba dirisha. Shangazi na Mama Zena na wanawake wengine kumi walipepeta mbegu, wakazoa mashudu, wakafagia, wakaosha mapipa. Mafuta yakikaa kwenye pipa, uchafu wake unashuka chini na kuganda, mweusi mzito, unanuka kama mbegu iliyoungua. Wenyewe waliuita tope. Na kila Jumamosi jioni, kabla mapipa hayajaoshwa, kila mwanamke alichota kopo moja la tope, wakubwa kwanza, wadogo baadaye, bila kusukumana. Haikuandikwa mahali popote. Ilianza kabla ya shangazi, na waliomtangulia shangazi waliikuta. Msimamizi ilipofika saa hiyo alikuwa anageuka kutazama barabara, anahesabu malori, mpaka wamalize. Mwenye kiwanda, tuliyemwita Tajiri kama kila mtu alivyomwita, alikaa Singida mjini na kuja mara mbili kwa mwezi, siku za kazi, mchana.

Tope lilikuja jikoni kwetu. Jiko la shangazi lilikuwa chumba kidogo cha tofali za kuchoma, dirisha moja lisilo na fremu, mafiga matatu, chanja cha vyombo, na ukuta mweusi unaong'aa ukiugusa. Mama Zena aliishi nyumba ya pili na jiko lake halikuwa na paa zima, kwa hiyo Jumamosi walitengeneza tope pamoja kwetu. Unalichemsha na maji na chumvi, unaliacha litulie, unaengua juu taratibu kwa kijiko. Kopo moja linatoa mafuta ya mboga ya wiki nzima. Mama Zena ndiye aliyekuwa fundi, ana mkono mwepesi, anaengua mafuta bila kuligusa tope. Mimi nilikaa kwenye kigoda na kitabu changu. Mbele ya hao wawili sauti yangu ilitoka, ndogo lakini ilitoka, na nikawa nawatafsiria Oldham.

"Na pamba walilima wapi, na baridi yote hiyo?" Mama Zena aliniuliza siku moja.

"Hawakulima, mama. Ilitoka Marekani. Ililimwa na watumwa."

"Weusi?"

"Ndiyo."

Akaengua kijiko kimoja, akakimimina. "Kumbe na sisi tumo humo kwenye kitabu chako. Endelea."

Nikaendelea. Nikawasomea kuhusu wafumaji wa zamani, kwamba mfumaji akimaliza kitambaa, zile ncha za nyuzi zinazobaki kwenye mtambo zilikuwa zake. Alizipeleka nyumbani, mkewe akazisokota, wakafuma soksi au wakaziuza. Mama Zena akacheka mpaka kijiko kikatikisika.

"Shoga, umesikia?" akamwambia shangazi. "Wazungu nao walikuwa na tope lao!"

"Tope la nyuzi," shangazi akasema.

"Sasa ikawaje baadaye? Walibaki nazo?"

Nikafunua ukurasa. Baadaye, nikawasomea, wenye viwanda walisema zile ncha ni mali yao, na anayezichukua ni mwizi. Watu wakapekuliwa. Wengine wakafungwa. Shangazi akasukuma kuni ndani ya mafiga. Kisha Mama Zena akafuta mikono kwenye kanga, akaninyooshea kijiko.

"Basi ukurasa huo usimsomee Tajiri," akasema, na wote wawili wakacheka sana, na mimi nikacheka. Tarehe ipo kwenye daftari. Nimeandika: leo tumekula ugali wa mtama na mboga ya maboga iliyokaangwa, tamu sana, Mama Zena kasema tope la nyuzi, nitaliweka kwenye insha.

Ndivyo ilivyokuwa. Ule mfano haukuwa wangu. Niliuokota jikoni kwa shangazi kutoka mdomoni mwa Mama Zena, nikauandika kwa mwandiko mzuri, na nilipouandika nilidhani namsifia mtu. Nimeutafuta ubaya katika insha ile mara nyingi, nikitaka kujikuta na nia mbaya hata kidogo, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya angalau alijua anachofanya. Hakuna. Insha ipo, imebandikwa nyuma ya daftari kwa gundi ya ugali. Inasema: "Kule Oldham wenye viwanda waliwaita wafumaji wao wezi kwa sababu ya ncha za nyuzi. Sisi wa Iguguno tuna bahati. Kila Jumamosi akina mama wa kiwanda chetu huchota tope la mafuta chini ya mapipa, na mwenye kiwanda hajawaita wezi. Kwa hiyo maendeleo yanaweza kuja bila ukatili." Madamu aliweka alama ya vema mara mbili pembeni ya aya hiyo.

Siku ya taaluma ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba, katikati ya msimu, kwa hiyo wanawake wa mashineni wote walikuwa kazini. Turubai lilifungwa mbele ya ofisi. Mgeni rasmi alikuwa Tajiri, kwa sababu ndiye aliyetoa madawati, na alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, na chupa ya maji mbele yake, na kofia juu ya goti. Niliitwa saa tano na nusu. Nilisoma sentensi mbili. Ya tatu haikutoka. Watoto wa kidato cha kwanza wakaanza kucheka, na Madamu akaja na raba zake nyeupe, akaichukua taratibu, akanishika bega, akaisoma yeye. Alisoma vizuri mno. Wazazi wengi walikuwa wanajipepea, mzee mmoja alilala kabisa, Oldham ilikuwa mbali. Ila Tajiri alikuwa anasikiliza. Ilipofika ile aya alitoa kofia gotini, akaiweka mezani. Ilipoisha alipiga makofi wa kwanza. Akaniita mbele.

"Binti umeandika vizuri," akasema, kwa upole, na naapa ulikuwa upole kweli. "Mimi mwenyewe kiwanda changu sikijui hivyo. Hilo tope wanachota kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa mikono. Nikaweka mkono mmoja chini na mmoja juu, kimo cha kopo, halafu nikaizungusha mikono yote miwili, unene wa kopo.

"Kila mmoja?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kila Jumamosi?"

Nikatikisa tena. Akanipa zawadi: dumu la lita tano la mafuta yake, safi, ya rangi ya asali, lina utepe mwekundu shingoni. Watu wakapiga makofi. Shangazi alipolikuta jikoni jioni ile alilizunguka kama mtu anayemkagua ng'ombe. "Kwa insha tu?" akauliza. "Hii shule basi inalipa." Yeye alikuwa ameweka kopo lake la tope chini, la mwisho, ila hatukujua kwamba ni la mwisho.

Jumatatu mapipa yalikutwa na vifuniko na kufuli. Jumatano alikuja mtu wa sabuni kutoka Singida na gari, akapakia tope lote. Kumbe lilikuwa na mnunuzi muda wote, basi tu hakuna aliyekuwa amewahi kulipima. Nimesoma baadaye kwamba hata kule Oldham mabaki ya pamba yaliyotupwa yalikuja kuwa biashara kubwa yenyewe, na watu wakatajirika kwa takataka. Ukurasa huo kwenye kitabu cha Madamu ulikuwa umechanika. Na wiki hiyo hiyo Tajiri alitaka kila mwanamke apekuliwe akitoka. Mlinzi ni mwanaume, hawezi kumpapasa mke wa mtu, kwa hiyo Tajiri akaangalia waliokuwepo, akamnyooshea kidole Mama Zena. "Wewe mjane, huna mume wa kuniletea fujo. Utakaa getini." Hakumuuliza kama anataka. Akapewa kiti cha plastiki, na ikabidi akikalie.

Wanawake waliona mambo mawili. Siri ya miaka yote imefika kwa Tajiri, na Mama Zena amepata kiti. Wakayaunganisha. Ningekuwa mmoja wao ningeyaunganisha vilevile. Maji ya kisima wakawa wanachota bila kumpisha. Wakizungumza Kiswahili naye akatokea, wanahamia Kinyiramba, ambacho yeye alikisikia kwa shida kwa kuwa hakuzaliwa kwetu, na wanacheka palipo na jina lake. Jumamosi hakuja tena jikoni kwetu. Hakukuwa na tope la kuengua.

Ijumaa moja nilimfuata shangazi getini kumpokea gunia la pumba. Wanawake walikuwa wamepanga mstari. Zamu ya shangazi ilipofika nilimwona Mama Zena ananyanyuka kwenye kiti, anapitisha mikono kwapani, kiunoni, na mikono ikasimama. Shangazi alikuwa amefunga kichupa cha mafuta ndani ya kitenge, chini ya kitovu. Nilijua, kwa sababu asubuhi nilimwona anakitafuta. Mlinzi alikuwa hatua nne kutoka pale. Mama Zena akamtazama shangazi usoni, hajacheka, hajakunja uso. Kidole chake kilikuwa juu ya kichupa chenyewe. Akasema, "Pita." Tulifika nyumbani. Shangazi alikifungua kichupa kitengeni, akakiweka juu ya chanja, na hakukigusa siku tatu.

Siku ya tatu nikamwambia. Alikuwa anapanga kuni, mimi nimesimama mlangoni, na ilinichukua muda mrefu kiasi kwamba alidhani ninaumwa. "Shangazi, siyo Mama Zena. Ni mimi. Ni insha. Niliandika tope." Hakushtuka kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye kigoda changu, akaangalia lile dumu la lita tano ambalo lilikuwa limefika nusu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Madamu anajua insha, hajui mambo ya mashineni."

"Basi hujaniambia."

"Lakini Mama Zena..."

"Sikiliza. Wakijua ni wewe, ni mimi. Watanitoa mimi kwenye kikundi. Nikifa leo, nani atakuja kunipikia? Wewe? Umejifungia na madaftari yako." Akachukua ukuni, akauvunja gotini. "Mama Zena ni mtu mzima. Ataelewana nao. Wewe funga mdomo, kufunga mdomo si ndiyo kazi unayoiweza?"

Kikundi alichosema ni kikundi cha kufa na kuzikana, wanawake kumi na wawili, wote wa mashineni. Ukifiwa wanakuja na masufuria, na maji, na kuni, wanakaa siku zote za msiba, wewe kazi yako kulia tu. Mume wa Mama Zena alipofariki walipika siku tatu. Kutolewa kwenye kikundi si faini na si kusutwa. Ni kuambiwa siku yako ikifika utajizika mwenyewe. Mkutano uliitwa Jumapili, saa tisa alasiri, sebuleni kwa Mama Mwenyekiti, na Mama Zena hakuitwa. Katibu wao macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, kwa hiyo wakaomba shangazi aje na mimi, maana mwandiko wangu unasifiwa na hata Tajiri ameutolea zawadi.

Sebule ile naikumbuka kila kitu. Makochi yamevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda mbili za miaka iliyopita ukutani, meza katikati na chupa ya chai, vikombe na sinia la maandazi. Nilipewa kiti cha chini karibu na meza ili nipate pa kuandikia.

"Jambo ni moja," Mama Mwenyekiti akaanza. "Mwenzetu ametuchoma kwa Tajiri. Chai ipo, mimineni."

"Amepata nini sasa? Kiti cha plastiki!" akasema mmoja.

"Tena kimevunjika mguu."

Wakacheka. Mwingine hakucheka. "Mimi nimelala sakafuni kwake siku tatu mume wake alipokufa," akasema. "Nimemshika akiwa anazimia. Leo anapapasa kiuno changu kama polisi."

"Wewe jirani yake," Mama Mwenyekiti akamgeukia shangazi. "Mlikuwa mnatengeneza tope pamoja. Unamjua kuliko sisi. Tuseme tunamwonea, sema."

Shangazi alikuwa ameshika andazi, hajalila. Alilizungusha kwenye vidole. Nilimtazama mikono, nikaona ile Ijumaa getini, kidole juu ya kichupa. Nilijua anaiona na yeye.

"Mimi niko na kikundi," akasema.

Hapo neno likanipanda. Sisemi kwa kujitetea. Lilikuja kabisa, likafika kooni, na nikanyanyua kichwa kutoka kwenye karatasi, na Mama Mwenyekiti akaona.

"Unataka kusema kitu, mwanangu?"

Wote wakanigeukia. Wanawake kumi, vikombe mikononi. Shangazi peke yake alikuwa anaangalia sakafu.

"Kalamu," nikasema. "Wino unakaribia kuisha."

Mama Mwenyekiti akaingia chumbani, akaniletea nyingine. Nikaandika walichoniambia, nikakinyoosha palipokuwa pamekaa vibaya, maana hata hapo nilitaka barua iwe nzuri. Wakaidhinisha, waliojua kuandika wakatia sahihi, wengine wakaweka kidole gumba kwenye wino. Mama Mwenyekiti akaikunja akanipa. "Utampelekea wewe asubuhi ukienda shule," akasema. "Ni njiani."

Daftari langu siku hiyo lina mstari mmoja tu: leo maandazi na chai ya maziwa. Nimekaa nao huu mstari tangu nirudi kutoka Mkiwa. Mtu aliyekuwa anaandika kila neno la kila mtu, siku moja tu iliyohitaji kuandikwa, akaandika maandazi. Kwenye simu nimeitafuta Oldham. Viwanda vyenyewe vilishafungwa, vingine vimebomolewa, vingine vimekuwa maghala na nyumba za kupangisha, bomba moja moja limebaki na halitoi moshi. Nimewatafuta wale wanawake wa langoni. Nilitaka kujua kama na wao kati yao kulikuwa na mmoja aliyetengwa, na nani aliyemwandikia barua. Picha ile haipo kwenye simu.

Asubuhi yake, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa mlangoni kwa Mama Zena na sare yangu ya shule. Alikuwa jikoni, kwenye lile jiko lenye paa nusu, anakoroga uji wa ulezi, ameshavaa kanga ya kwenda getini. Nikasema shikamoo. "Marahaba mwanangu, karibu," akasema, na uso ulimfunguka, kwa sababu zilikuwa zimepita wiki hakuna mtu aliyebisha hodi kwake. Nikampa barua kwa mikono miwili. Aliigeuza mbele na nyuma, akaona vidole gumba vya wino.

"Nisomee basi."

Mama Zena kusoma alikuwa hajui. Mimi nilijua hilo, na Mama Mwenyekiti aliyenituma alijua pia. Ningeweza kumsomea lolote. Ningeweza kusema wanakusalimu, wanaomba uje Jumapili. Ningeweza kumsomea insha yangu. Tulikuwa wawili tu, mimi mbele ya mtu ambaye sauti yangu haikuwahi kumwogopa. Niliifungua, nikasoma yote, neno kwa neno kama nilivyoiandika, na sauti haikutetemeka hata mara moja.

Alikuwa ameacha kukoroga. "Rudia pale penye jina langu," akasema. Nikarudia. "Kuanzia leo si mwenzetu katika kufa wala katika kuzikana."

"Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Ndiyo maana unasomeka." Akaichukua, akaikunja kwenye mikunjo ile ile, akaiingiza kifuani, ndani ya kanga. Kisha akachukua kikombe cha bati, akanimiminia uji, akaongeza sukari yote iliyokuwa imebaki kwenye kikopo. "Kunywa," akasema. "Kengele itakukuta njiani."

Nikanywa wote. Nikaosha kikombe, nikakifudikiza kwenye chanja, nikaenda shule.